Maana ya nadharia, na kwa nini "ni nadharia tu" haitoshi

"Lakini mwalimu, hiyo si ni nadharia tu?" Nafundisha Biolojia kidato cha nne hapa Kisumu, na swali hili huja kila mwaka tunapofungua mada ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi na wametokana na asili moja. Mara nyingi anayeuliza ni mtoto anayesali kwa dhati. Simlaumu.

Katika mazungumzo ya kila siku, nadharia ni mambo ya vitabuni, kinyume cha vitendo. Tena alipokuwa kidato cha kwanza, somo la Historia lilimfunza kwamba asili ya binadamu ina nadharia tatu: ya uumbaji, kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo, ya masimulizi ya jadi, kama yale ya Wabukusu kwamba Wele alimuumba Mwambu na mkewe Sela, na ya mageuko. Zimepangwa bega kwa bega kama wagombea wa kiti kimoja. Naona hapo ndipo tunapowakosea watoto.

Kwa mwanasayansi, wazo ambalo bado halijapimwa ni nadharia tete. Nadharia yenyewe ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyokwisha kuchunguzwa, na ushahidi mpya unaweza kuyaangusha. Kwamba vijidudu huleta maradhi ni nadharia pia, lakini kipindupindu kikizuka huku ziwani watu huchemsha maji bila kubishana.

Mwaka 1948, kisiwani Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Siku fuvu la mtu kama wewe na mimi litakapochimbuliwa katika tabaka lile lile, nadharia ya mageuko itatikisika vibaya. Kitabu cha Mwanzo hakipimwi hivyo. Mimi husoma masomo kanisani, na sijawahi kungoja wachimbaji ndipo niamini kwamba Mungu ni Muumba. Kuiita imani hiyo nadharia ni kuishusha.

Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, nao hauulizi unaamini nini. Unauliza ushahidi ni upi. Kwa hiyo aliyeuliza mwaka jana nilimwambia achore mifupa ya mkono wa mtu na ya bawa la popo, kisha ahesabu vidole. Alihesabu mara mbili, ncha ya penseli ikigusa kila mfupa. Vitano huku, vitano kule.