Kabla ya Kufunga Safari ya Mikumi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mbuga ni za Wazungu na wenye fedha."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu imewazuia watoto wengi kumwona tembo wa nchi yao wenyewe. Ada ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki imekuwa shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya VAT. Aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Mgeni kutoka nje analipa mara nyingi zaidi yako. Viwango hubadilika, kwa hiyo waulize TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, kabla ya kuondoka, lakini tofauti hiyo kati ya raia na mgeni ipo kwa makusudi. Beba kitambulisho cha NIDA ili uhesabiwe raia pale langoni. Fedha taslimu usizitegemee, maana malipo hufanyika kwa kadi, benki au simu kwa namba ya malipo ya serikali.

Kinachokula bajeti ni gari. Gari la utalii lenye paa la kufunguka hukodishwa zima zima kwa siku, likiwa na mtu mmoja au likiwa limejaa. Familia mbili zikiungana, au wafanyakazi sita wa ofisi moja wakichanga, gharama ya kila mmoja inashuka mno. Anayepanga safari aanze kutafuta wenzake, hoteli itafuata.

"Mikumi nimeshaiona, napita kila nikienda Iringa."

Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, ndiyo hiyohiyo ya kuelekea Zambia, inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50. Ni kweli, ukiwa kwenye basi unaweza kuona pundamilia, twiga, hata tembo. Lakini hifadhi yote ina kilomita za mraba 3,230, na ilianzishwa mwaka 1964. Ulichokiona dirishani ni ukingo tu. Bonde la Mkata, ambako nyati, nyumbu na simba huonekana vizuri zaidi, na bwawa la viboko, vyote vinahitaji upite langoni na kuacha lami.

Tukiwa bado barabarani: abiria wanaowatupia nyani ndizi na biskuti wanadhani wanawafadhili. Wanawafundisha kukaa lamini kusubiri magari, na magari ndiyo yanayowaua. Mwendo una ukomo pale, matuta yapo, na anayemgonga mnyama anatozwa faini kwa kadiri ya aina ya mnyama. Kushuka garini kupiga picha pembeni mwa lami hakuruhusiwi, hata kama tembo anaonekana mpole.

"Mikumi ni mbali, lazima uchukue likizo."

Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 300. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2024, mtu anafika Morogoro kwa takriban saa mbili, halafu zinabaki kama kilomita mia moja kwa basi au gari la kukodi. Mwisho wa juma unatosha, ila lala Mikumi. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana, lakini unafika hifadhini saa sita mchana, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Simba anaweza kulala hadi saa ishirini kwa siku, na mchana wa jua kali anakuwa chini ya kivuli ambako humwoni hata ukipita karibu. Wanyama wengi huzunguka asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne hivi, kisha jioni jua likipoa. Kwa hiyo usiku mmoja wa ziada una faida kuliko hoteli ya kifahari. Mji wa Mikumi una nyumba za wageni za bei ya kawaida, na ndani ya hifadhi kuna mabanda na maeneo ya kupiga kambi. Ukichagua kulala mjini, uliza mapema kama kutoka na kurudi asubuhi kutakulazimu kulipa kiingilio upya.

"Ukienda hifadhini utawaona wanyama wote."

Hapana. Faru hutamwona Mikumi. Hata kreta ya Ngorongoro, yenye sifa duniani kote, haina twiga ndani yake, ingawa nje ya kreta wapo. Kila hifadhi ina wake, kulingana na majani, maji na miinuko. Anayetaka tandala wakubwa aifikirie Ruaha. Anayependa kutembea kwa miguu aelekee Milima ya Udzungwa, jirani kabisa na Mikumi, ambako huzunguki kwa gari bali unapanda na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170, na msituni anaishi kima wa Sanje ambaye hapatikani kwingine duniani.

Msimu nao una neno. Juni hadi Oktoba nyasi zimekauka na wanyama hukusanyika kwenye maji, hivyo ni rahisi kuwaona. Masika, Machi hadi Mei, udongo mweusi hunasa magari na baadhi ya njia hazipitiki. Lakini mpenzi wa ndege asiogope majira ya mvua na kijani: kuanzia Novemba ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia wanakuwepo.

Mavazi: acha nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, zinawavuta mbung'o. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hifadhini pia.

"Serengeti ni lazima uanzie Arusha, na uende Agosti."

Nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka mwaka mzima. Wanazaa kusini, kwenye nyanda za Ndutu, kati ya Januari na Machi. Mei na Juni wengi wako upande wa mto Grumeti, magharibi. Kuvuka mto Mara ni kuanzia Julai hadi Oktoba. Nani kasema kuzaliwa kwa ndama maelfu kwa siku si jambo la kwenda kutazama?

Ukipitia Arusha unakatiza eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na ada zake, mbali na za TANAPA. Wakazi wa Mwanza na Musoma wana njia fupi: lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili, na linaingiza moja kwa moja Serengeti.