Kupima madini ya risasi Mwanza: dhana potofu na ukweli

“Maji maangavu hayana risasi.” Risasi iliyoyeyuka haina rangi wala harufu. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, na jicho haliwezi kuona hicho.

“Chupa yoyote iliyooshwa inafaa.” Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia. Sabuni haitoshi: loweka chupa ya plastiki usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha isuuze kwa maji safi ya maabara. Ukishachota maji, tuseme Mto Mirongo unapoingia ziwani, tia asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Bila asidi, risasi hunata kwenye kuta za chupa, na mashine husoma kilichobaki tu. Kama asidi imetiwa maabara, subiri angalau saa 16 kabla ya kupima. Anayetaka risasi iliyoyeyuka peke yake huchuja kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo atie asidi. Akianza na asidi, itaivua risasi kwenye tope na jibu litapanda. Beba pia chupa ya maji ya maabara yenye asidi ileile. Hiyo ikitoa risasi, uchafu ni wetu, si wa ziwa.

“AAS ya mwali inatosha kwa maji ya kunywa.” Hapana. AAS hupima metali kwa mwanga ambao atomi zake hufyonza, na ile ya mwali ni ya viwango vya miligramu kwa lita. Kwa mikrogramu tumia AAS ya tanuri ya grafaiti au ICP-MS, mashine inayohesabu atomi kwa uzito wake.

“Kifaa cha eksirei cha mkononi hakikosei.” Kifaa hiki hutambua kila elementi kwa “mistari” yake, yaani nishati za eksirei inazotoa, kwa kipimo cha keV. Mstari mkuu wa risasi uko keV 10.55, wa arseniki 10.54. Udongo wa machimbo ya dhahabu, kama ya Geita, unaweza kuwa na arseniki, nayo ikasomeka kama risasi. Tazama mstari mwingine wa risasi, wa keV 12.6. Udongo wenye unyevu nao hushusha namba, kwa hiyo ukaushe na kuuchekecha kwanza.

“Vipimo viwili vikitofautiana, mashine ni mbovu.” Si lazima. Kabla ya kupimwa maabara, udongo huyeyushwa, na uyeyushaji wa kawaida hutumia gramu 1 ya udongo mkavu, asidi ya nitriki kwenye nyuzi 95 bila kuchemka, kisha hidrojeni peroksaidi, na kujazwa hadi mililita 100. Kwenye udongo wa kibanda cha fundi betri, punje moja ya miligramu 1 ya risasi ikiangukia gramu hiyo, inaongeza miligramu 1,000 kwa kilo. Saga udongo uwe laini, rudia mara tatu.