Bega Linaloumia Mara kwa Mara: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu akiumia bega mara ya kwanza huambiwa pole. Akiumia mara ya tatu huambiwa mambo mengi yanayopingana: aache mazoezi kabisa, ajikaze aendelee, achuliwe, apigwe sindano, apigwe picha, afanyiwe upasuaji. Baadhi ya mashauri hayo yana mahali pake. Hata hivyo, dhana inayowaumiza watu zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ambayo haijadiliwi kwa sababu kila mtu huiona kuwa jambo la wazi, nayo ni kwamba maumivu yakiisha bega limepona.

"Siumwi tena, basi nimepona"

Hakuna kiungo mwilini kinachosogea pande nyingi kuliko bega, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa kwenye kombe la bega kama mpira juu ya kisahani, na kinachokizuia kisiteleze ni ukingo wa gegedu, utando wa kiungo, pamoja na misuli minne midogo ambayo kano zake hukizunguka kichwa hicho na kukivuta ndani kila mkono unapoinuka.

Kano iliyoumia hupona kwa hatua. Siku za mwanzo sehemu hiyo huvimba na kuuma. Wiki zinazofuata mwili huweka nyuzi mpya ambazo bado ni dhaifu na hazijapangika. Halafu huja kazi ndefu ya kuzipanga na kuziimarisha, kazi inayochukua miezi na wakati mwingine kukaribia mwaka mzima. Maumivu huwa yameshapungua zamani kabla kazi hiyo haijaisha. Wakati huohuo misuli iliyokaa bila kazi imepungua nguvu, kwa hiyo mtu anayerudi kunyanyua vyuma kwa uzito uleule aliouacha, au kuogelea umbali uleule, analibebesha bega lisilo tayari mzigo wa bega lililokuwa zima. Baada ya muda mfupi anajitonesha, kisha anaamini kwamba bega lake ni bovu tangu kuzaliwa. Mara nyingi si bovu. Uwezo wake ulishuka na mzigo haukushuka.

Vipimo vya maana zaidi kuliko kutoumwa ni hivi: mkono uweze kuinuka mpaka juu bila mgongo kupinda kuusaidia, nguvu ya upande ulioumia ifikie angalau asilimia 90 ya upande mzima, na bega liamke vizuri asubuhi inayofuata siku ya kazi nzito.

"Lipumzishe kabisa mpaka litulie lenyewe"

Mapumziko yana kazi yake katika siku chache za mwanzo, na bega lililoteguka huhitaji kuning'inizwa kwa kitambaa kwa muda utakaoelezwa na daktari. Zaidi ya hapo, kulikalia bega bila kulitumia hulidhoofisha. Nyuzi za kano hujipanga na kukomaa zinapobebeshwa mzigo, hivyo kano isiyobebeshwa chochote haina sababu ya kuwa imara. Bega lisilosogezwa linaweza pia kukakamaa, na hatari ya bega kuganda ni kubwa zaidi kwa watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60, hasa wenye kisukari.

Kinachotakiwa ni mzigo mdogo unaopanda polepole. Chukua mfano wa zoezi ambalo wengi huweza kulianza mapema: simama ubavu wa upande ulioumia ukiwa karibu na ukuta, kunja kiwiko nyuzi 90, bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, kisha sukuma ukuta kwa nyuma ya kiganja kwa nguvu ya wastani kwa sekunde 30 hadi 45, upumzike, urudie mara nne au tano. Mkono hausogei hata kidogo, lakini misuli ya nyuma ya bega inafanya kazi ya kweli, na baadhi ya watu huona maumivu yakipungua papo hapo. Zoezi hilo likizoeleka, mpira wa kuvuta huchukua nafasi ya ukuta, na vyuma vyepesi hufuata.

Mwili uliobaki haujaumia, na ni kosa kuuadhibu pamoja na bega. Kutembea kwa kasi, kuchuchumaa bila kubeba kitu mabegani na kuendesha baiskeli isiyosogea ukiwa umeketi wima vyote vinaendelea kufaa. Baiskeli ya kuinamia ni jambo jingine, kwa sababu uzito wa kifua huangukia mikono. Tena imethibitishwa kwamba kufanyisha mazoezi mkono usioumia huupa mkono ulioning'inizwa sehemu ya nguvu, kwa kuwa mafunzo ya nguvu hugusa ubongo na mishipa ya fahamu, si misuli peke yake.

"Ukisikia maumivu, acha" na "Usipoumia, hukui"

Dhana hizi mbili hupingana, na zote mbili zina kasoro ileile ya kuyachukulia maumivu yote kuwa ni ya aina moja. Katika kurudisha nguvu za kano, kanuni inayotumiwa sana ni kuyapima maumivu kutoka 0 hadi 10: yakibaki chini ya 3 au 4 wakati wa zoezi, na yakirudi kwenye hali ya kawaida ndani ya saa 24, mzigo unavumilika. Yakizidi hapo, au usiku ukikosa usingizi kwa sababu ya bega, punguza uzito au idadi ya marudio. Si lazima kuacha zoezi lenyewe.

Yapo maumivu ambayo hayapimwi kwa namba. Bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka, mkono uliokufa ganzi au kushindwa kuinuka ghafla, bega lenye joto pamoja na homa, yote hayo ni ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa. Vivyo hivyo maumivu ya bega yanayoambatana na kubanwa kifua na kukosa pumzi, kwa sababu hayo yanaweza kutoka moyoni.

"Picha ndiyo itakayosema, na upasuaji ndio utakaomaliza"

Picha za MRI, yaani zile zinazopigwa kwa mashine ya sumaku, huonyesha kano zilizochanika hata kwa watu wasioumwa kabisa, na idadi yao huongezeka kadiri umri unavyosonga. Mchaniko unaoonekana kwenye picha unaweza kuwa chanzo cha maumivu, au unaweza kuwa umekaa hapo miaka mingi kwa amani.

Kwa miongo kadhaa, kufuatia maelezo ya daktari Charles Neer ya mwaka 1972, iliaminika kwamba mfupa wa juu ya bega huikwaruza kano, na madaktari wakaunyoa. Mwaka 2018 tafiti mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ufini, zililinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuchungulia tu ambao haukunyoa mfupa, na tofauti ya nafuu haikuwa na uzito wa maana kwa mgonjwa. Upasuaji bado unahitajika kwa baadhi ya watu: aliyechanika kano ghafla kwa kuanguka anapaswa kuchunguzwa mapema, na kijana ambaye bega lake limeteguka anapaswa kulijadili suala hilo na daktari, kwani kwa walio chini ya miaka 20 hatari ya kuteguka tena ni kubwa sana.

Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe na maumivu, kwa upande wake, huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa huidhoofisha kano.

"Likitoka, mtu yeyote anaweza kulirudisha"

Hili linanisikitisha kuliko yote. Mshipa wa fahamu unaolisha msuli mkubwa wa bega hupita karibu kabisa na kiungo, na kuvuta mkono kwa kubahatisha kunaweza kuujeruhi au kuvunja mfupa ambao tayari umepata ufa. Tena kila mara bega linapotoka linaweza kumega zaidi ukingo wa kisahani na kubonyeza kichwa cha mfupa, ndiyo maana mara ya tano huhitaji nguvu ndogo kuliko ya kwanza. Anayerudi michezoni baada ya jeraha la aina hii huacha mpaka mwisho mkao wa mkono ulioinuliwa pembeni na kupinda nyuma, ule wa kurusha mpira, maana ndio unaolitoa bega kwa urahisi zaidi. Huanza na mirusho michache ya karibu, huongeza idadi kabla ya kuongeza kasi, na huendelea na mazoezi ya nguvu mara mbili au tatu kwa wiki hata baada ya kurudi uwanjani.