Je, wajua kwa nini mche uliokauka humfundisha mwanachuo kuliko uliopona?

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, utawaona wanachuo wa Dodoma na majembe, tisheti mpya na miche. Wanapanda kwenye uwanja wa shule ya msingi au zahanati, wanapiga picha, wanagawana soda, wanapanda gari na kuondoka. Pita hapo Septemba: mistari ya vijiti vikavu, imenyooka vizuri kabisa.

Kwa nini ilikufa nitaeleza. Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kwamba mwanachuo aliyerudi akavikuta vile vijiti anajua jambo ambalo mwenzake aliyepanda na kuondoka halijui, hata kama wote wawili walipata A kwenye somo lile lile.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mvua ni kama milimita 500 hadi 600 tu. Juni imeshaaga. Mche wa kwenye kiriba, kifuko cha plastiki cha kuoteshea, una mizizi ya shubiri moja hivi, na udongo wa juu ndio unaotangulia kukauka. Upepo wa Julai na Agosti unanyonya maji majanini, huku chini hakuna cha kurudishia. Kalenda ya chuo nayo haisaidii. Fildi nyingi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, huja baada ya mitihani, kati ya Julai na Septemba, kiangazi kikiwa kitupu. Mvua inaponyesha, mwanafunzi yuko darasani akisoma habari za mvua.

Haya yote yamo kwenye notisi. Sasa mchukulie binti wa mwaka wa pili aliyeamua kurudi. Anachuchumaa, anang'oa kijiti kimoja, na kinachotoka ni kiriba kizima, plastiki nyeusi, mizizi imejizungusha ndani kama uzi. Mzee aliyekuwa akimtazama kutoka kivulini anasogea. Binti anaamkia, "Mbukwa, babu," kwa Kigogo chake cha juzi. Mzee anaitikia, anakitazama kile kiriba.

"Mjukuu wangu, huu mliuzika na nguo zake."

Hatasahau tena kuchana kiriba. Watu wa elimu wana maelezo ya jambo hili. Mmarekani John Dewey alisisitiza mapema karne ya 20 kwamba kutenda peke yake hakufundishi mpaka mtendaji aunganishe alichofanya na kilichotokea baadaye. David Kolb naye, mwaka 1984, alilichora kama duara: unatenda, unatafakari, unapata kanuni, unaijaribu upya. Aliyepanda akaondoka na gari la saa nane amebaki hatua ya kwanza. Ametoa jasho, lakini duara halijazunguka. Na mche uliopona haumlazimishi mtu kuuliza chochote, maana ukistawi kila mmoja husema ni kazi yake.

Tena kuna mwalimu wa pili ambaye hayumo kwenye ratiba. Mzee anamchukua binti hadi nyuma ya zizi na kumwonyesha kisiki cha mgunga kilichochipua majani mabichi, Septemba hiyo hiyo, bila mtu kukimwagia hata kopo. Siri iko chini: mti ulikatwa lakini mizizi yake ya miaka mingi bado inafika kwenye unyevu. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama ili mkata kuni asiguse, unawazuia mbuzi. Njia hii inaitwa kisiki hai, na shirika la LEAD Foundation limeieneza katika vijiji vingi vya Dodoma. Mwanachuo aliyekuja kuleta miti anagundua miti ilikuwepo, ila alikuwa akiikanyaga.

Kongwa, wilaya ya mkoa huu huu wa Dodoma, wanaijua kwa gharama kubwa hasara ya kutouliza wenyeji. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu kuzunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki 9, karibu urefu wa fildi ya mwanachuo, nao wakaandika ripoti ya kulima karanga kwa matrekta. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mvua ikagoma, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali hata karanga hazing'oleki. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimeteketea. Mgogo yeyote mwenye shamba la uwele angewaambia habari za mvua ile bure.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Ila tukubaliane, kwenye shule nyingi shamba liligeuka adhabu ya wachelewaji, na mtu hatafakari anachokitumikia kama kifungo.

Leo tatizo ni jingine. Vijiji vilivyo jirani na vyuo vimechoka kuhojiwa. Kila mwaka dodoso jipya, maswali yale yale ya kaya ina mbuzi wangapi, na majibu hayarudi. Kama ningekuwa mhadhiri, alama za mradi ningezigawa nusu: nusu ya kwanza Juni, nusu ya pili siku mwanafunzi anaporudi Januari, matope yakiwa yamejaa kwenye viatu, kuwaeleza wenyeji alichokosea.

Binti wetu alirudi Januari na wenzake wanne. Hawakubeba miche. Walichana zile tisheti za Juni vipande vipande, wakazifunga kwenye visiki kama alama.