Mhadhiri anayefundisha vyema apande cheo kwa kazi hiyo

"Kama mnavyoona hapa, mstari unapanda halafu unashuka."

Niliisema sentensi hiyo miaka yangu ya mwanzo ya uhadhiri, nikinyoosha kidole kwenye mwanga wa projekta. Kiti cha mbele alikaa kijana asiyeona, na kibao chake cha nukta nundu magotini. Mlio wa kalamu yake ya kutobolea ulikuwa ukinifuata mhadhara mzima. Niliposema "hapa", ukanyamaza. Nilikuwa sijampa cha kuandika.

Tangu siku ile mchoro nausoma kwa maneno: bei inaanzia shilingi 200, inapanda hadi 500 ifikapo mwezi wa sita, kisha inaporomoka. Cha ajabu, wanaoona nao wakaanza kuandika zaidi. Wengi wao wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha masomo kidato cha kwanza, na mchoro usioelezwa ulikuwa ukiwapita vilevile.

Sasa kazi yangu kubwa ni kuwanoa wahadhiri wapya, na swali wanaloniuliza kwa sauti ya chini ni moja: hii kazi ya kuandaa somo upya itanipandisha cheo? Ngazi tunazijua: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mlangoni unaulizwa GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, huulizwi kama umewahi kusimama mbele ya darasa. Ukishafika juu, machapisho ndiyo yanayobeba mzigo. Ufundishaji umo kwenye fomu ya kupandishwa cheo, ndiyo, lakini nimekaa kwenye vikao ambako ukurasa huo ulipitwa kwa dakika moja, na orodha ya makala ikajadiliwa saa nzima. Naliona hili ni kosa kubwa, na wanafunzi ndio wanaolilipia.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake huko Marekani walichambua tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati. Palipokuwa na kuhutubia tu, walioanguka walikaribia 34 katika kila 100. Wanafunzi walipopewa kazi ya kufanya humo humo darasani, wakawa karibu 22. Anayejua sapu, mtihani wa marudio, ni nini, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, kunaifanya nini familia iliyouza ng'ombe ili mtoto asome, hatazichukulia namba hizo kirahisi.

Wala haihitaji vifaa vya gharama. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, alianza mwaka 1991 kukatiza mhadhara kwa swali: kila mmoja achague jibu, amgeukie jirani wabishane, kisha wachague tena. Nimeifanya kwenye ukumbi wa watu 500 kwa kunyoosha mikono tu. Nilikuwa na mwanafunzi kiziwi, na kwenye mabishano ya wawili wawili mkalimani wa lugha ya alama alizidiwa na kelele za pande zote. Tukabadilisha: swali ubaoni, wawili wanabishana kwa kuandika kwenye karatasi moja. Darasa zima likafanya hivyo, naye hakubaki pembeni tena. Karatasi zile nikazikusanya, nikaona hasa wapi hawajaelewa.

Uingereza walianzisha tuzo ya kitaifa ya wahadhiri wanaofundisha vyema mwaka 2000, na vyuo vingi huko humruhusu mtu kufikia uprofesa kwa njia ya ufundishaji. Kwetu, mwenzangu unayeanza, usisubiri kanuni zibadilike. Fungua jalada leo. Weka maswali ya mwaka jana na ya mwaka huu, matokeo kabla na baada ya mabadiliko, maelezo ya michoro uliyoandika kwa ajili ya asiyeona, barua ya mwenzako aliyekaa darasani kwako akakutazama ukifundisha. Ukiweza, ligeuze jambo moja humo kuwa utafiti, uchapishe.

Fomu ikija, liambatishe jalada lote, na uombe lisomwe kikaoni. Mimi nikiwemo, nitalisoma ukurasa kwa ukurasa.