Elimu kwa Umma: Bunduki Inayotawanya Risasi Ikaguliwe Kabla ya Julai

Msimu wa uwindaji hufunguliwa 1 Julai, na kila unapokaribia sisi maofisa wanyamapori wa Nyanda za Juu Kusini husikia lalamiko lilelile: bunduki iliyopiga vizuri mwaka jana sasa inapiga kushoto, mara juu, mara inakosa kabisa. Wengine huamua imechoka. Wengine husema imefungwa na mtu. Ndugu wawindaji, bunduki haifungwi. Risasi ikipotea ipo sababu, na ukiitafuta kwa mpangilio utaiona.

Anzeni na karatasi ya shabaha, darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki iacheni kwanza. Weka shabaha mita 100, laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi tatu bila kurekebisha chochote, hata kama ya kwanza imekwenda pembeni. Zikikaa pamoja lakini mbali na kitovu, bunduki ni nzima, irekebishe darubini tu. Zikitawanyika, kuzungusha darubini hakusaidii kitu. Hili tumelisema mno, na bado watu wanazungusha baada ya kila mlio mpaka boksi linaisha na hakuna anayejua darubini ilikuwa wapi mwanzoni. Risasi tatu ndani ya sentimita 5 kwa umbali huo zinamtosha kabisa mwindaji wa swala au kongoni.

Zikitawanyika, shika skrubu. Barabara ya vumbi kutoka Makongolosi kwenda Rungwa hulegeza hata nati za gari, sembuse skrubu za darubini. Kagua zile zinazoshika darubini, kisha zile zinazofunga chuma cha bunduki kwenye mbao yake. Zikaze kwa bisibisi inayoingia sawasawa, usizikaze kwa hasira. Chora mstari mdogo wa rangi kati ya darubini na pete zake. Mstari ukikatika baada ya kupiga, darubini inateleza.

Kwa mikoa yetu, mbao ndiyo hasa ya kuangaliwa. Bunduki iliyokaa miezi kadhaa Tukuyu au Mufindi kwenye ukungu na mvua, kisha ikashushwa Pawaga kwenye joto kavu, mbao yake huvimba na kusinyaa. Ikianza kuubana mtutu upande mmoja, kila mtutu unapopata moto risasi huhama. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao. Kikikwama mahali ambapo zamani kilipita, umepata mgonjwa wako. Zipo bunduki zilizotengenezwa mbao iguse mtutu karibu na ncha, kwa hiyo usichukue msasa ukaanza kukwangua, muulize fundi. Na wale wanaosema ni hewa ya milimani: kutoka Mbeya mjini, karibu mita 1,700, hadi Usangu, karibu mita 1,000, tofauti kwa shabaha ya mita 100 haionekani kwa macho. Tuache kulaumu hewa.

Risasi nazo zisichanganywe. Najua upatikanaji wake ni mgumu na mtu hukusanya alichopata, lakini risasi ya bunduki ya saizi ya .30-06 yenye uzito wa greini 150 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) na ile ya greini 220 hazipigi mahali pamoja, na hata za uzito mmoja kutoka viwanda viwili hutofautiana. Usiziache juu ya dashibodi ya gari. Baruti iliyopata joto husukuma risasi kwa kasi nyingine.

Mtutu usafishwe kutokea nyuma pale bunduki inaporuhusu. Waya wa chuma unaoingizwa kwa mbele hukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ulioharibika hutawanya risasi. Kumbuka pia kwamba risasi ya kwanza kupita kwenye mtutu wenye mafuta mara nyingi huenda kwake. Ufute mtutu ukauke, na uuache upoe kati ya majaribio.

Kisha mpigaji. Bunduki za saizi kubwa ya .375 zinazotumika kwa nyati zina teke, na mtu hufumba macho kabla ya mlio bila kujijua. Mwenzako akuwekee risasi bandia katikati ya zile halisi usijue ipo wapi; bunduki ikicheza bila mlio, tatizo ni bega.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo watu huingia matatani. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, matengenezo ya silaha hufanywa na fundi mwenye leseni ya kazi hiyo. Fundi pikipiki hana leseni hiyo, hata awe hodari kiasi gani. Kumwachia silaha mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo ni kosa lenu wote wawili: faini, kifungo, au vyote, na leseni yako inaweza kufutwa. Majaribio ya shabaha yafanyike mahali palipoidhinishwa; muone Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla ya kutoka nyumbani, ukiwa na leseni mkononi. Si nyuma ya shamba la mahindi, wala ndani ya misitu ya Sao Hill ambako wagema utomvu wako kazini. Risasi ya bunduki hizi husafiri zaidi ya kilomita 3. Kibali cha kununua risasi nacho kiombwe mapema, ukihesabu humo na zile za majaribio.

Mnyama akiondoka na jeraha, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakutaka umfuatilie na kummaliza. Nyati aliyejeruhiwa na kuachwa karibu na Idodi atakutana na mama anayeokota kuni. Ukishindwa kumpata, toa taarifa siku hiyohiyo kwa ofisa wanyamapori aliye karibu na kwa uongozi wa kijiji. Taja mahali, saa, na upande alikoelekea, hata kama unaona aibu kwamba ulikosa.