Je, wajua kwa nini pikipiki kuukuu inaweza kuiacha mpya kwenye mbio za saa 24?

"Kaka, hiyo bibi yako itafika Lamadi kweli?"

Aliyeniuliza ni kijana mwenye pikipiki mpya inayong'aa, kwenye gereji moja ya Mkuyuni hapa Mwanza. Bibi ni Honda CG125 niliyoachiwa na baba, aliyekuwa bwana shamba huko Magu. Tangi limebabuka rangi, kiti kimeshonwa mara mbili. Kabla sijafungua mdomo, fundi akanijibia bila hata kuinua macho kwenye kabureta: "Itafika, halafu itakusubiri."

Tulicheka. Ila jibu la fundi lina hesabu ndani yake, na ndiyo hesabu wanayoishi nayo watu wanaoshindana kwa saa nyingi, timu dhidi ya timu, madereva wakipokezana pikipiki moja. Kwenye mbio hizo hakuna mstari wa kuwahi kufika. Saa zikiisha, zinahesabiwa raundi.

Tuseme mbio ni za saa 24. Pikipiki moja ina wastani wa kilomita 80 kwa saa, nyingine 72. Vituo vya kujaza mafuta tuviweke pembeni, kwa kuwa zote zitajaza. Ya 72 isiposimama, itamaliza na kilomita 1,728. Ya 80 inazipata hizo kwa saa 21 na dakika 36. Kwa hiyo ikilala kwa mafundi saa 2 na dakika 24 tu kwa mchana na usiku wote, mbio zake zote zimekwenda bure. Jaribu kushusha silinda hedi saa nane usiku, tochi ya simu mdomoni, uone kama hutazimaliza hizo dakika.

Mbio za namna hii ni za zamani. Bol d'Or ya Ufaransa ilianza mwaka 1922, na dereva alikuwa mmoja, peke yake, saa zote 24. Mshindi wa kwanza alikwenda kilomita zaidi ya 1,200, yaani kutoka hapa hadi Dar na chenji inabaki, kwa wastani wa kilomita 50 na kitu kwa saa. Mwendo wa bodaboda! Siku hizi timu kubwa zina madereva watatu na mashine zenye injini za ukubwa wa sisi (cc) 1,000, wanabadilishana kila saa moja hivi. Lakini kuna wapenzi wa pikipiki wasio na wadhamini wanaoshindana saa nyingi kwa Honda C90 za mitumba. C90 ni ya ukoo wa Super Cub, ulioanza mwaka 1958 na kuvuka mashine milioni 100 mwaka 2017.

Sasa kwa nini mashine hizi haziharibiki ovyo? Nianze na bibi, maana yeye alizaliwa kwa ajili ya shida. CG125 ilitoka mwaka 1976 baada ya Honda kugundua kwamba injini zao ndogo zilikuwa zinakufa mapema katika nchi ambako pikipiki inabeba baba, mama, watoto na gunia, na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Injini zile zilikuwa na kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, juu kabisa, kwenye silinda hedi, mahali ambapo oili inafika mwisho na inakosekana kwanza. Wahandisi wakaishusha kamshafti chini, karibu na oili, ikaendeshwa kwa gia, na valvu zikafunguliwa kwa vijiti virefu vinavyosukumwa kutoka chini. Cheni ya taimingi, ile iliyokuwa ikizungusha kamshafti, ikaondoka, na kisichokuwepo hakilegei. Wachina wakainakili injini ile kwa wingi, na ndiyo sababu bodaboda nyingi za sisi 125 na 150 zilizopita mitaa ya Igoma na Buhongwa ni wajukuu wa bibi, hata kama stika kwenye tangi inasema jingine.

Jambo la pili ni kasi ya injini yenyewe. Ikizunguka mara 8,500 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 140 kwa sekunde moja, na kila safari lazima isimame juu, igeuke, isimame chini, igeuke. Anayeivuta na kuisukuma ni konrodi. Nguvu hizo zinakua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo dereva akishuka kutoka 8,500 hadi 7,000, konrodi inapumzishwa karibu theluthi moja ya mateso. Na upepo una ukali kuliko huo: nguvu ya injini inayohitajika kuupasua inakua kwa kipeo cha tatu. Ukitoka 90 kwenda 80 kwa saa, unaokoa karibu asilimia 30 ya nguvu inayoliwa na upepo, na mafuta yanakupeleka mbali zaidi kabla ya kusimama tena. Dereva mwenye haraka kwenye timu ni gharama. Nasema hivyo nikijua mimi mwenyewe mkono wangu wa kulia ni mzito kwenye mafuta.

Hapa kwetu kuna adui mwingine, na ni haya mawe tunayojivunia. Miamba ya Mwanza ni ya matale (graniti), na ndani ya matale kuna kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha silinda. Mwamba ukimomonyoka unakuwa mchanga, mchanga unakuwa vumbi, na vumbi likipita kwenye chujio bovu linaingia kati ya ringi na silinda kama msasa. Injini inaanza kula oili, moshi unakuwa wa bluu, halafu fundi anakwambia ni kuchonga bloku. Pia tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Dar ikifika hapa inamimina petroli kuliko hewa iliyopo, na plagi inatoka nyeusi tii.

Niseme ukweli kidogo, wapenzi wa vyuma vya zamani wasinichukie. Tunaposema za zamani zilitengenezwa imara, tunaziangalia zilizobaki. Dhaifu zilishapimwa kwenye mizani ya chuma chakavu miaka mingi iliyopita. Na pikipiki mpya nzuri, ikiendeshwa kwa adabu, itaipita bibi asubuhi na jioni. Nguvu ya bibi ni kwamba magonjwa yake yote yanajulikana: kebo ya klachi, plagi, kabureta, cheni. Spana chache na fundi asiye na usingizi vinatosha. Mpya ikikorofisha kwenye sensa, vile vipimio vyake vya umeme, huna pa kugonga. Hata kwenye mbio kubwa za Ufaransa, pikipiki ikizimika mbali, dereva anaisukuma mwenyewe mpaka kwa mafundi wake, kama yeyote aliyeishiwa mafuta kwenye kile kilima cha Bugando.

Yule kijana alisikiliza yote, akauliza basi yeye aongeze nini kwenye yake ili iende mbali. Alikuwa anatarajia kutajiwa ekzosi. Fundi akamwomba spana namba 10, akafungua boksi la chujio la hewa na kuligonga kwenye kipande cha gazeti. Mchanga ulioanguka ungetosha kusugulia sufuria.